Kona Saba za Bomba Moja: Uchambuzi wa Kisa cha Ekzosi ya Datsun 160J

Kuhusu kisa hiki

Uchambuzi huu unahusu gari moja la zamani ambalo bado linatembea barabarani kila wiki, mafundi wawili, na bomba moja la moshi lililotengenezwa mara tatu kabla halijatulia mahali pake. Majina ya wahusika na ya mji yameondolewa, lakini vipimo vimeachwa kama vilivyoandikwa kwenye daftari la gereji. Mimi hufundisha uchomeleaji, na niliitwa kutoa ushauri baada ya jaribio la kwanza kushindwa, kwa hiyo baadhi ya maamuzi yanayochambuliwa hapa, pamoja na moja lililokosewa, ni yangu.

Usuli

Gari lenyewe ni Datsun 160J ya ukoo wa Violet A10, ule ule uliompa Shekhar Mehta ushindi wa Safari Rally miaka minne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Hili halikuwahi kushindana popote. Mwenye nalo ni mama mstaafu aliyelinunua likiwa limekwishatumika mwaka 1991, akasomeshea watoto kwalo, na sasa hulitumia kwenda sokoni, kanisani na, mara mbili au tatu kwa mwaka, kijijini kwao kilomita 300 kutoka mjini. Alipoulizwa anataka nini, alijibu bila kusita: gari liwe kimya, moshi usiingie ndani, na bomba likiharibika njiani fundi yeyote wa mji mdogo aweze kulitengeneza. Sharti hili la tatu ndilo lililopaswa kuongoza kila kitu, na ndilo lililosahaulika kwanza.

Injini ni L16 ya asili, yenye silinda nne na ujazo wa sentimita za ujazo 1,595, na kabureta moja. Katika injini za ukoo huu manifoldi (matawi ya bomba yanayofungwa kwenye injini) ya kuingiza hewa na ile ya kutoa moshi zote ziko upande wa kushoto, jambo ambalo ni nafuu kwa gari la usukani wa kulia, kwa kuwa bomba linaloshuka halikutani na boksi ya usukani. Ugumu uko nyuma. Ekseli ya nyuma ni ngumu, ya kipande kimoja, nayo imekaa juu ya springi za kuviringa, hivyo hupanda na kushuka kwa sentimita kadhaa kila gurudumu linapoingia shimoni. Bomba linalotaka kufika nyuma ya gari hupanda juu ya ekseli hiyo na kushuka tena ndani ya nafasi finyu, kati ya sakafu ya gari, tangi la mafuta na bomba la breki.

Ekzosi iliyokuwepo ilikuwa imezibwa viraka kwa zaidi ya miaka kumi. Mabaki yake yalipimwa, yakakutwa na kipenyo cha nje cha milimita 42. Ilikuwa na sailensa mbili, ndogo chini ya sakafu na kubwa nyuma, na kibano cha chuma kilicholishikilia bomba linaloshuka kwenye mkia wa giaboksi. Kibano hicho kilikuwa kimekatika, na hakuna aliyekitilia maanani.

Njia zilizokuwa mezani

Katika mji ule kulikuwa na njia nne za kupata kona kwenye bomba, na ni vizuri kuzieleza kwa namna zinavyofanya kazi, kwa sababu ubishi uliofuata ulitokana na watu kuzitaja kwa sifa tu.

Ya kwanza ni mashine ya kusukuma kwa haidroliki, inayopatikana karibu kila mahali panapouzwa sailensa. Bomba hulazwa juu ya vishikio viwili vinavyozunguka, kisha kalibu yenye umbo la nusu duara husukuma katikati hadi bomba likunje. Ndani ya bomba hamna kitu kinachouzuia ukuta wake usiporomoke, kwa hiyo upande wa ndani wa kona hubonyea, upande wa nje huvutika na kuwa mwembamba, na duara hugeuka kuwa umbo la figo. Ni njia ya haraka na rahisi, na kalibu moja hutosha kwa kona za nyuzi yoyote mradi kipenyo kiwe kile kile.

Ya pili ni mashine yenye mandreli. Hapa bomba hubanwa kwenye kalibu inayozunguka, likavutwa kuizunguka, huku ulimi wa chuma wenye vifundo ukiwa ndani ya bomba mahali hasa linapokunjwa, ukiushikilia ukuta usibonyee. Kona hutoka ikiwa na kipenyo kile kile mwanzo hadi mwisho. Lakini kila kipenyo cha bomba na kila ukali wa kona hudai vifaa vyake, na ndiyo maana mashine hizi hukaa viwandani, si uchochoroni. Mjini pale haikuwepo hata moja. Kilichokuwepo ni kona zilizokwishakunjwa, zinazoagizwa kutoka nje na kuuzwa kipande kimoja kimoja, za nyuzi 45 na 90, ambazo fundi hukata na kuunganisha kwa weldi.

Ya tatu ni mchanga na moto. Bomba hujazwa mchanga laini uliokaushwa, hugongwagongwa mpaka ushindiliane kabisa, huzibwa kwa vizibo vya mbao pande zote mbili, kisha huchomwa kwa gesi mpaka liwe jekundu la kuelekea rangi ya chungwa na kukunjwa polepole kuzunguka gurudumu la chuma. Mchanga hufanya kazi ile ile ya mandreli. Mzee anayeijua njia hii vizuri hutoa kona nzuri ajabu. Mchanga wenye unyevu, kwa upande mwingine, ni bomu: maji yakigeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara elfu moja na mia tano, na kizibo hufyatuka kama risasi.

Ya nne ni kukata bomba lililonyooka vipande vya mshazari na kuviunganisha kama mgongo wa kamba wa baharini. Kona ya nyuzi 90 yenye maungio matano humaanisha nyuzi 18 kila ungio, yaani kila uso hukatwa kwa nyuzi 9. Njia hii haikufikiriwa kwa muda mrefu, kwa kuwa kila ungio ni mahali pengine pa kuvuja na pa kupata kutu, na hapa kona zilikuwa nyingi.

Kilichotokea

Jaribio la kwanza lilifanyika bila mimi. Fundi wa sailensa alilinyanyua gari kwa jeki chini ya chasisi, akaliweka juu ya vigingi, akalipima kwa macho na kwa utepe, akakunja bomba zima la inchi mbili, yaani milimita 50.8 kwa nje na ukuta wa milimita 1.5, kwa mashine ya kusukuma. Zilitoka kona saba: ya nyuzi 75 chini ya manifoldi, mbili ndogo za 20 na 15 kupita giaboksi, ya 60 kupanda juu ya ekseli, ya 65 kushuka, na mbili za 25 na 30 kuelekea sailensa na mkia. Ile sailensa ndogo ya katikati iliachwa ili kupunguza gharama. Kazi ilikwisha kwa siku moja.

Wiki haikwisha kabla ya mama kurudi. Gari lilikuwa zito kupanda mlima, na kila liliposhuka kwenye tuta kwa abiria wawili nyuma, kitu kiligonga chini ya kiti. Fundi alidhani ni kabureta, akaigusa, mambo yakazidi. Hapo ndipo nilipoitwa, pamoja na fundi wa pili, mtu wa makamo anayesifika kwa uchomeleaji wa gesi.

Tulilishusha bomba na kulikata kwenye kona mbili. Sehemu iliyokatwa tuliibonyeza kwenye pedi ya wino, tukaipiga chapa kwenye karatasi ya miraba, tukahesabu miraba ya ndani. Bomba lililonyooka la kipimo kile lina eneo la ndani la milimita za mraba 1,794. Kona ya manifoldi, iliyokunjwa kwa mashine ya kusukuma bila tatizo lolote, ilibaki na 1,480. Kona ya kushuka nyuma ya ekseli ilibaki na 1,050 tu. Kwa nini tofauti kubwa hivyo wakati mashine ni moja? Kwa sababu kona ya kupanda na ya kushuka zilikuwa karibu mno, na mashine ya kusukuma huhitaji kipande kilichonyooka pande zote mbili za kona ili vishikio vipate pa kukaa. Fundi alikuwa amekunja, akaona haifiki, akarudia kukunja karibu na pale pale, na ukuta ukajikunja kama shati lililowekwa vibaya begini.

Mama, aliyekuwa amesimama karibu akitazama karatasi, aliuliza: "Sasa fundi, hii nyingine mbona haikuharibika?" Lilikuwa swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa siku ile, lakini sisi tuliokuwa na haraka ya kulaumu mashine hatukulijibu. Badala yake nilipendekeza kwamba bomba lote litengenezwe upya bila kutumia mashine ya kusukuma hata mara moja. Hilo ndilo kosa langu.

Kona zilizoagizwa zilikuwa ghali, kipande kimoja kikigharimu karibu mara nne ya kukunjiwa kona moja kwa haidroliki, hivyo fundi wa pili akajitolea kutumia mchanga na moto. Dukani alikuta bomba la maji lililopakwa zinki, la ukuta mnene, akalileta. Alikunja kona moja nalo siku hiyo hiyo jioni, ndani ya banda lililofungwa kwa sababu ya upepo. Usiku alishikwa na homa, baridi na maumivu ya kifua, na asubuhi akatuambia kwamba alikunywa maziwa kabla ya kuanza, kama mafundi wengi wafanyavyo. Maziwa huingia tumboni. Mafusho ya zinki huingia mapafuni, na hayakutani popote. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi joto 420 hivi na kuchemka kwenye 907, na chuma cha kukunjwa huchomwa karibu na joto hilo hilo la pili, kwa hiyo anayelichoma bomba la zinki anavuta zinki. Alipata nafuu baada ya siku mbili. Bomba lile tulilitupa, na hata bila homa lisingefaa, kwa kuwa uzito wake ungevunja vishikio vya mpira.

Alipopona alijaribu tena, safari hii kwa bomba jeusi, lisilopakwa zinki, la ukuta wa milimita 1.5, mchanga ukiwa umekaangwa kwenye karai. Kona ya kwanza ilitoka safi. Ya pili ilipata mikunjo upande wa ndani, kwa sababu mchanga ulishuka kidogo bomba lilipogeuzwa na haukushindiliwa upya. Kona mbili zilichukua siku nzima na sehemu kubwa ya mtungi wa gesi. Tukasimama.

Maamuzi na sababu zake

Tulirudi kwenye swali la mama, na safari hii tulianza na njia ya bomba kabla ya kuzungumza habari ya mashine. Gari lilishushwa likakaa kwa magurudumu yake yenyewe juu ya shimo la gereji. Tulichukua nondo ya milimita 6, tukaikunja kidogo kidogo kwa mkono na bomba dogo, tukaifuata njia kutoka manifoldi mpaka mkia, huku tukiifungia vipande vya mbao vya duara vya milimita 51 ili tuone unene halisi wa bomba utakavyopita. Kisha tuliondoa springi za nyuma na kuipandisha ekseli kwa jeki mpaka ilipogusa vizuizi vyake vya mpira. Hapo siri ya kugonga ikafichuka: katika jaribio la kwanza ekseli ilikuwa inaning'inia chini, kwa sababu gari lilikuwa limeshikiliwa kwa chasisi, na nafasi aliyoiona fundi juu yake ilikuwa nafasi isiyokuwepo gari linapobeba watu. Kwenye nondo tuliacha milimita 25 kati ya bomba na ekseli iliyopanda mwisho wake.

Baada ya nondo kupatikana, kila kona ilijadiliwa peke yake.

Kona ya manifoldi ilipewa kipande kilichokunjwa kwa mandreli. Si kwa sababu ya eneo la ndani, maana tulikuwa tumekwisha kuona kwamba kona ya kusukuma pale ilikuwa na 1,480, bali kwa sababu ya joto na mtikiso. Pale ndipo bomba linapopata moto zaidi, na ukuta wa nje wa kona ya kusukuma, uliovutwa ukawa mwembamba, ndipo unapopasukia baadaye. Kona mbili za ekseli nazo zilipewa vipande vya mandreli, kwa sababu zilihitaji kukaa karibu karibu kuliko mashine ya kusukuma inavyoweza. Kona nne zilizobaki, zote zikiwa za nyuzi 30 au chini yake, zilirudishwa kwa fundi wa kwanza na mashine yake. Kwenye kona legevu kama hizo kubonyea ni kidogo sana: tulipopima moja, ilikuwa imepoteza eneo lisilofika asilimia 5.

Kipenyo kilijadiliwa kwa muda mrefu. Mjukuu wa mama alitaka inchi mbili na robo, akisema gari litapumua. Nilimwonyesha hesabu. Injini ya ujazo huu, ikizunguka mara 5,600 kwa dakika na kujaa hewa kwa asilimia 80, huvuta lita 3,570 hivi za hewa kwa dakika, na hewa hiyo ikitoka na joto la nyuzi 500 ujazo wake huwa zaidi ya mara mbili na nusu. Katika bomba la inchi mbili gesi hiyo hukimbia karibu mita 86 kwa sekunde, katika la inchi moja na robo tatu karibu mita 114, na katika la inchi mbili na robo karibu mita 67. Kwa injini ya asili inayotembea mjini, la inchi moja na robo tatu lingetosha, na kama lingekuwepo dukani kwa kona za mandreli ningelichagua, kwa kuwa lingepita kwa urahisi zaidi juu ya ekseli. Halikuwepo. Tulibaki na inchi mbili kwa sababu ndizo kona, vibano na sailensa zinazopatikana mpaka miji midogo, na hapo sharti la tatu la mama likapata nafasi yake.

Utekelezaji

Kona zilizonunuliwa zilikuwa za nyuzi 90, zenye nusu kipenyo cha milimita 76 hadi katikati ya bomba. Ili kupata nyuzi 60 kutoka kwenye kipande hicho, fundi alipima milimita 106 kwa kufuata mgongo wa nje na milimita 53 kwa kufuata tumbo la ndani, akaziunganisha alama kwa kamba ya karatasi na kukata. Kwa nyuzi 65 vipimo vilikuwa 115 na 58. Njia hii ni rahisi na haihitaji chombo cha kupimia nyuzi, na nimeifundisha darasani tangu siku ile.

Vipande vilishikizwa kwa weldi za nukta vikiwa chini ya gari, vikashushwa, na weldi kamili ikapigwa mezani. Kabla ya nukta hizo kupigwa, nyaya za betri zilifunguliwa na tangi la mafuta likashushwa, kwa sababu cheche za grainda hazichagui pa kuangukia. Maungio ya kuingiliana yalielekezwa ili bomba la mbele liingie ndani ya lile la nyuma, gesi isikutane na mdomo wa ungio. Tulipitisha tufe la mbao la milimita 44 kutoka mwanzo hadi mwisho wa kila kipande cha mandreli. Lilikwama mara moja, kwenye matone ya weldi yaliyoingia ndani, yakasagwa kwa jiwe refu.

Matokeo

Kabla ya kulishusha bomba la kwanza tulikuwa tumefunga geji ya shinikizo kwenye tundu dogo chini ya manifoldi na kulipandisha gari mlima ule ule, gia ya tatu, kanyagio likiwa chini kabisa, mizunguko 5,000. Ilisoma kilopaskali 23. Bomba la tatu, kwa sailensa ile ile ya nyuma, lilisoma 14, yaani moshi ulipita kwa urahisi zaidi. Mama alisema gari limerudi kuwa lake. Kugonga kulikwisha. Povu la sabuni lililopakwa kwenye maungio yote, bomba likiwa baridi na hewa ikipulizwa kutoka mkiani, halikuonyesha uvujaji wowote, na hilo kwangu lilikuwa na uzito kuliko kilopaskali zote, kwa kuwa kaboni monoksidi haina harufu na watoto hukaa kiti cha nyuma.

Miezi minne baadaye weldi ya kwanza baada ya kona ya manifoldi ilipasuka nusu ya mzunguko. Mama alikuwa njiani kwenda kijijini, akaingia gereji ya kwanza aliyoiona, na fundi wa pale akaiziba kwa weldi ya gesi ndani ya saa moja. Alipolirudisha tulitafuta sababu, tukaikuta kwenye kile kibano cha giaboksi kilichokatika. Injini iliyolala kwa urefu hutikisika kushoto na kulia kila inapokanyagwa, na kibano kile ndicho kilicholifanya bomba litikisike pamoja nayo badala ya kupinga. Zaidi ya hayo, bomba la chuma la mita tatu likipata joto la ziada la nyuzi 300 hurefuka karibu milimita 11, na urefu huo lazima upate pa kwenda. Kibano kipya kilitengenezwa kwa chuma bapa cha milimita 4, na vishikio vya nyuma vikabadilishwa kuwa vya mpira laini zaidi. Hakijapasuka kitu tangu hapo.

Uchambuzi

Jambo lililofanya kazi kuliko yote ni nondo. Katika jaribio la kwanza mashine ilichaguliwa kabla ya njia kujulikana, na njia ikalazimika kuifuata mashine. Kona zikawekwa pale mashine ilipoweza, kisha zikarudiwa pale ilipokataa. Nondo iligharimu nusu siku na bei ya chakula cha mchana, lakini iligeuza mjadala kutoka "haidroliki au mandreli" kuwa kona ya ngapi, ya nyuzi ngapi, na ina nafasi gani kila upande. Mara tu swali lilipowekwa hivyo, hapakuwa na ubishi tena, kwa sababu jibu la kona ya tano halikuwa jibu la kona ya pili.

Ni lazima pia kumtendea haki fundi wa kwanza na mashine yake. Hesabu ya karatasi ya miraba ilionyesha kwamba kona yake ya manifoldi, ingawa imebonyea, ilikuwa na eneo sawa na la bomba lililonyooka la kipenyo cha ndani cha milimita 43. Bomba la inchi moja na robo tatu, hata likikunjwa kwa mandreli bora duniani, lina kipenyo cha ndani cha milimita 41.5. Maana yake ni kwamba kwa gari la mtaani lenye injini ya asili, anayepanda kipimo kimoja cha bomba na kukunja vizuri kwa mashine ya kusukuma hapotezi kitu kikubwa. Uzito wa gari haukutokana na aina ya mashine, ulitokana na kona moja iliyokunjwa mara mbili, na karibu tofauti yote ya kilopaskali tisa naihusisha na mkunjo ule wa 1,050. Kama tungemjibu mama siku ile, tungeokoa wiki mbili, gesi nyingi, na afya ya mtu.

Kuhusu mchanga na moto, sioni kwamba njia ilishindwa; mazingira ndiyo yaliyoikataa. Ni njia ya subira na ya bomba lenye ukuta mnene kiasi, na inafaa pale ambapo kona moja ya umbo la pekee inatakiwa na hakuna kipande dukani. Kuitumia kwa haraka, kwenye ukuta mwembamba na kwa kona nyingi ndiko kulikoleta mikunjo. Kosa la bomba la zinki ni la aina nyingine kabisa. Lilifanyika mbele yangu, mimi ninayejua madhara yake, kwa sababu bomba lilipoletwa nilikuwa nimeinama nikikagua karatasi za vipimo na sikuligeuza kulitazama. Siku hizi hakuna bomba linaloingia mezani kwangu bila kukwaruzwa kwa tupa na kuangaliwa rangi.

Kilichobaki bila kutatuliwa ni sauti. Kwenye mizunguko 2,800 hivi, yaani karibu kilomita 80 kwa saa kwenye gia ya nne, kuna mvumo mzito unaojaa ndani ya gari, na ndio mwendo hasa wa safari ya kijijini. Hapa kosa ni la uamuzi wa siku ya kwanza wa kuiacha sailensa ndogo ya katikati, nasi tuliurithi bila kuuhoji, tukidhani kwamba bomba lililokunjwa vizuri litakuwa kimya lenyewe. Jinsi bomba lilivyokunjwa hubadilisha namna gesi inavyopita, lakini kiasi kikubwa cha mvumo wa aina hii huamuliwa na urefu wa bomba na visanduku vilivyomo njiani. Nilipomweleza mama, alinyamaza kidogo, akasema sharti lake la kwanza lilikuwa kimya.

Kati ya kona ya tatu na ya nne pana sentimita 62 zilizonyooka, na sailensa ndogo iliyonunuliwa ina urefu wa sentimita 40 pamoja na shingo zake. Itawekwa kwa vibano, bila weldi, ili iweze kusogezwa mbele au nyuma kwa sentimita chache mpaka mvumo upungue. Nondo imetundikwa ukutani mwa gereji ya fundi wa kwanza, ikiwa na alama ya chaki kila ilipo kona, na sehemu hiyo ya kati imezungushiwa kitambaa chekundu.